Imla ya Kiswahili kwenye kompyuta: tatizo ni maiki zenu, si programu

#1 Kibodi Kavu
Wakuu, salaam. Kila mara mtu anafungua uzi humu kulalamika kwamba kuchapa kwa sauti kwa Kiswahili hakufanyi kazi. Nasema kunafanya, tena vizuri. Wengi mnaongea na maiki ya laptopu iliyofukiwa karibu na kibodi, pangaboi linazunguka juu, dirisha liko wazi bodaboda zinapita, halafu lawama zote zinabebeshwa programu.

Kwa mgeni, njia fupi ni hii. Fungua Google Docs kwa Chrome, ingia menyu ya Tools, chagua Voice typing, au bonyeza Ctrl+Shift+S. Kitatokea kisanduku chenye picha ya maiki, na juu yake kuna lugha. Shuka hadi Kiswahili cha Tanzania, bonyeza maiki, ikishakuwa nyekundu ongea. Mara ya kwanza Chrome itaomba ruhusa. Ukikataa kwa haraka zako, bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani ya ukurasa urudishe ruhusa hapo.

Maiki ikae vidole viwili hadi vitatu kutoka mdomoni, tena pembeni kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isiipige usoni. Anayebisha aje na sababu.

#2 Siti ya Dirishani
Nimekaa paleee. Wajuzi waje.

#3 Karani wa Posta
Nabisha. Maiki ya USB, chumba kimya, mlango umefungwa, na bado "hatutalipa" inatoka "tutalipa". "Hawatahudhuria" inatoka "watahudhuria". Kwenye barua ya madai hilo si kosa la chapa, ni deni jipya. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, kazi za kuchapa viapo na mawasilisho kwa Kiswahili zimeongezeka. Huko silabi moja ikipotea, umekiri shauri la mwenzako.

#4 Fundi Waya Kkoo
Karani, hiyo "ha" haijapotea kwenye programu, imekatwa kabla ya kufika. Windows na madereva (programu zinazoendesha) ya kadi ya sauti yana kipunguza kelele. Kikisikia kimya kinafunga mlango, ukianza kusema kinachelewa kuufungua, na kinachobaki nje ni mwanzo wa neno. Na "h" ni pumzi tu, kwa kipunguza kelele haina tofauti na kelele.

Kwenye Windows 11 ingia Settings, System, Sound, bonyeza jina la maiki yako, tafuta Audio enhancements, zima. Kama umewekewa programu ya mtengenezaji wa laptopu ya kusafisha sauti, zima na hiyo. Kisha rekodi "hatutalipa, hatutakuja, hatutasaini" ukiweka kituo cha sekunde mbili kila baada ya neno, usikilize kwa hedifoni. Kama "ha" haisikiki kwenye rekodi, hakuna programu duniani itakayoiandika.

#5 Mzee wa Modeli
Fundi yuko sahihi nusu. Mashine haiandiki ilichosikia peke yake, inaandika kinachoelekea zaidi kati ya ilichosikia na ilichozoea. Kama kwenye mafunzo yake "tutalipa" imeonekana mara nyingi kuliko "hatutalipa", ikiwa na shaka kidogo juu ya pumzi ya mwanzo itaangukia "tutalipa". Kwa bahati mbaya Kiswahili kimeweka kukana kwenye silabi ya kwanza, mahali ambapo sauti ni dhaifu kuliko zote. Kifaransa kinakana kwa vipande viwili, kimoja kikimezwa kingine kinabaki. Sisi kwenye wakati ujao tuna "ha" moja tu.

Kwa hiyo hata kwa maiki ya studio kosa hili litapungua, halitaisha.

#6 Bi Nukta
Mnaacha kitu kilicho wazi. Watu wa mjini hapa wengi hawaitamki hiyo "h". "Apa", "uku", "atujui". Mtu anasema "atutalipa", kisha anashangaa kompyuta haikuandika "hatutalipa". Na l na r ndiyo usiseme: "kura" na "kula", "mahari" na "mahali", "kalamu" na "karamu". Tamka kama msomaji wa taarifa ya habari, makosa yatashuka leo leo kabla hujanunua waya wowote.

#7 Kibodi Kavu
Bi Nukta, asante, umenipa nguvu. Mdomo na maiki. Programu haina kosa.

#8 Bi Nukta
Mimi sikusema maiki.

#9 Mkoba wa Bando
Wote mmesahau mtandao. Google Docs haitambui sauti ndani ya kompyuta yako, inaipeleka kwenye seva. Mtandao ukiyumba, kipande cha sauti kinachelewa au hakifiki, unaona maneno yametulia, kisha yanarudi nusu sentensi. Fanya jaribio moja saa moja usiku wakati kila mtu yuko mtandaoni na jingine alfajiri, sentensi zilezile.

Pia ukihamia dirisha jingine, mfano kuangalia barua pepe, maiki ya Docs inajizima. Watu wengi wanaendelea kuongea na ukuta. Na ukinyamaza muda mrefu inajizima pia.

#10 Siti ya Dirishani
Hii kitu inakula bando kiasi gani? Nilisikia ni kama kuangalia video.

#11 Mkoba wa Bando
Si kama video. Piga hesabu ya juu kabisa. Sauti ya chaneli moja, sampuli (vipimo vya sauti) 16,000 kwa sekunde, kila sampuli baiti 2, ni baiti 32,000 kwa sekunde. Hiyo ni MB 1.92 kwa dakika, yaani kama MB 115 kwa saa nzima ya kuongea bila kupumua na bila kubanwa chochote. Ikibanwa inashuka. Kinachosumbua ni kupanda na kushuka kwa mtandao, si ukubwa wa bando.

#12 Jirani wa Sinza
Wakuu, mimi natumia zile hedifoni za Bluetooth za kuning'iniza shingoni. Muziki unatoka safi kabisa ila imla inatoka matope. Inakuwaje?

#13 Fundi Waya Kkoo
Jirani, ndiyo hapo wengi wanaliwa. Bluetooth ina njia mbili. Njia ya muziki ni nzuri lakini haibebi maiki. Maiki ikiwashwa tu, kifaa kinahamia njia ya simu, na kwenye vifaa vingi vya bei ndogo njia hiyo inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde. Vilivyo bora kidogo vinachukua 16,000. Utajua imehama kwa sababu hata muziki unaosikiliza unageuka sauti ya redio ya zamani papo hapo.

Kwa sampuli 8,000 kila kilicho juu ya hezi 4,000 kinapotea. Sasa, tofauti ya "s", "sh", "f" na "th" sehemu kubwa iko huko juu. "Thamani" na "samani" zinakuwa neno moja. Muuza makochi wa Keko hatajali, mthamini wa nyumba atajali.

Nunua ya waya au ya USB. Ya waya angalia pini: yenye mistari mitatu myeusi ina maiki, yenye mistari miwili haina. Laptopu ya tundu moja inapokea ya mistari mitatu moja kwa moja. Kompyuta ya mezani yenye tundu la waridi na la kijani inahitaji waya wa kugawa, upande mmoja tundu, upande wa pili pini mbili. Ukichomeka hivihivi kwenye tundu la waridi utapata mkwaruzo au kimya, kisha utarudi dukani kugombana na kijana wa watu.

Na ukishachomeka, hakikisha Chrome inatumia hiyo. Ina tabia ya kung'ang'ania maiki ya ndani. Andika chrome://settings/content/microphone kwenye sehemu ya anwani, chagua mwenyewe.

#14 Mzee wa Modeli
Ongeza na chaja. Laptopu ikiwa kwenye chaja ya pini mbili, au umetumia adapta isiyo na pini ya ardhi, maiki ya waya inaingiza mvumo wa umeme. Chomoa chaja, rekodi sekunde kumi, chomeka, rekodi tena. Tofauti utaisikia.

#15 Mkoba wa Bando
Mzee shikamoo. Umeme wetu ni hezi 50, sauti ya mtu haifiki chini huko. Mashine inauchuja tu mvumo huo, hauna madhara.

#16 Mzee wa Modeli
Marahaba. Ungekuwa hezi 50 peke yake ningekubali. Unakuja na wanawe: 100, 150, 200, 250 na kuendelea. Hapo umeingia katikati ya sauti ya mwanaume. Wa chaja za bei ya kutupa ndio mbaya zaidi, unakuwa mlio kama wa nyuki.

#17 Kibodi Kavu
Naona hoja yangu ya maiki inashinda kila ukurasa.

#18 Karani wa Posta
Haijashinda. Sina Bluetooth, sina chaja ya pini mbili, nimezima kipunguza kelele kama alivyosema Fundi, na makosa ya "ha" yamepungua lakini yapo. Kinachosaidia hadi sasa ni hila ya kusema. Usianze sentensi na kitenzi kilichokanushwa baada ya kituo. Weka neno la kuegemea mbele: "sisi hatutalipa", "wadaiwa hawatahudhuria", "kwamba hatukubaliani". Neno la mbele linafungua mlango, "ha" inapita nyuma yake. Halafu katika kuhakiki, usisome ukitafuta makosa ya herufi. Shika rasimu, pitia vitenzi peke yake, kila kimoja ujiulize ni ndiyo au siyo.

Maneno ambayo Docs yenyewe haina uhakika nayo inayapigia mstari wa kijivu. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake utaona mapendekezo. Ila "tutalipa" haipigii mstari, maana ni neno zuri tu.

#19 Jirani wa Sinza
Shukrani Fundi. Swali jingine: nikisema "nukta" inaandika neno nukta. Nikisema "futa neno la mwisho" inaandika hivyohivyo. Kuna mpangilio?

#20 Bi Nukta
Amri za kuhariri ndani ya Docs, za kufuta, kuchagua na kupaka wino mzito, ni za Kiingereza tu, na akaunti pamoja na waraka viwe vimewekwa Kiingereza. Alama za uandishi nazo zinatambuliwa kwa lugha chache, Kiswahili hakimo. Kwa hiyo unaongea na karani asiyejua nukta. Mwache aandike neno, kisha urekebishe kwa mkupuo.

Sema "nukta", "mkato", "nukta pacha", "nukta mkato", "aya mpya". Ukimaliza nakili maandishi yote ubandike kwenye Word. Fungua Ctrl+H. Mpangilio ni muhimu, ukiuvuruga unaharibu:
Kwanza "nukta mkato" iwe nusu koloni. Pili "nukta pacha" iwe koloni. Tatu "mkato" iwe mkato wenyewe. Nne "nukta". Mwisho kabisa "aya mpya" iwe ^p, ambayo kwa Word ni kuanza aya.
Ukianza na "nukta", zile pacha zote zitakatika vichwa.

Kwenye kisanduku cha kutafuta weka nafasi kabla na baada ya neno, kwenye kisanduku cha kubadilisha weka alama na nafasi baada yake tu. Hivyo nukta inanata kwenye neno lililotangulia, na neno kama "mkatoni", kama lipo, linasalimika. Kwa "aya mpya" usiweke nafasi kwenye kisanduku cha pili.

#21 Siti ya Dirishani
Na herufi kubwa baada ya nukta?

#22 Bi Nukta
Chagua yote, bonyeza Shift+F3 mpaka ije herufi kubwa mwanzo wa sentensi.

#23 Karani wa Posta
Usifanye hivyo kwenye waraka wenye majina. Inashusha herufi kubwa nyingine zote, "Dar es Salaam" inakuwa "dar es salaam" na mdai anapoteza heshima yake. Tumia LibreOffice. Ctrl+H, washa Regular expressions, tafuta \. [a-z] kisha bonyeza Find All, funga kisanduku bila kubofya popote kwenye waraka, halafu Format, Text, UPPERCASE. Inapandisha ile herufi moja baada ya nukta tu.

#24 Pwani Mchangani
Kwa nini msibonyeze tu kitufe cha Windows na H? Ipo ndani ya kompyuta, haina Docs wala nini.

#25 Mzee wa Modeli
Ipo, ila Kiswahili hakimo kwenye orodha yake ya lugha. Ukiisemesha Kiswahili inakuandikia Kiingereza cha kuota ndoto. Na nayo inataka intaneti, usidhani kwa kuwa ni kitufe cha kompyuta basi iko nje ya mtandao.

#26 Pwani Mchangani
Basi na Google wameongeza Kiswahili juzi tu, tuwape muda.

#27 Mkoba wa Bando
Si juzi. Ilikuwa Agosti 2017, pamoja na Kiamhariki, katika kundi la lugha na lahaja 30. Muda wamepewa.

Kama kompyuta yako inasumbua, kuna njia ya mkato. Fungua waraka uleule wa Docs kwenye simu na kwenye kompyuta. Kwenye simu weka kibodi ya Gboard, ongeza Kiswahili, bonyeza maiki yake uongee. Maneno yanatokea kwenye skrini ya kompyuta hapohapo. Maiki ya simu mara nyingi inaishinda ya laptopu, maana imetengenezwa kwa mdomo.

#28 Kibodi Kavu
Maiki tena! Andikeni.

#29 Wakili Kivuli
Nimesoma kimya mpaka hapa. Karani anachapa viapo vya wateja kwa huduma inayopeleka sauti kwenye seva za nje? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na ina masharti juu ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Jina la mteja, ugonjwa wake, mshahara wake, vyote unavitamka. Angalau sema "mdai namba moja" na uweke majina kwa mkono baadaye.

#30 Karani wa Posta
Majina yanaingizwa kwa mkono siku zote, si kwa sheria tu. Mashine haiwezi majina. Ukiitajia "Kinyerezi" leo inapata, kesho inaandika maneno matatu.

#31 Mzee wa Modeli
Anayetaka siri atumie Whisper ya OpenAI, modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa Septemba 2022. Inafanya kazi ndani ya kompyuta.

#32 Pwani Mchangani
Hiyo si inalipiwa mtandaoni?

#33 Mzee wa Modeli
Kuna huduma ya kulipia, lakini modeli zenyewe ziko wazi, unapakua mara moja na kuzima intaneti. Kwa kompyuta ya kawaida tumia whisper.cpp, programu nyepesi ya kuziendesha. Faili la modeli ya small ni kama MB 466, medium GB 1.5, large GB 2.9. Chini ya small usihangaike nazo kwa Kiswahili. Usichukue yenye .en mwishoni, hiyo ni ya Kiingereza tu.

Haichapi ukiwa unaongea kama Docs. Unarekodi kwanza, kisha unaipa faili. Geuza rekodi ya simu kwa programu ya ffmpeg hivi:
ffmpeg -i sauti.m4a -ar 16000 -ac 1 -c:a pcm_s16le sauti.wav
Kisha lazima uandike -l sw kwenye amri. Usipoandika, whisper.cpp inachukulia ni Kiingereza.

Faida: inaweka nukta na mikato yenyewe, na unaweza kuipa majina mapema kwenye maelekezo ya mwanzo: Kinyerezi, Mbagala, Tegeta, majina ya wahusika. Hasara: sehemu ya Kiswahili kwenye mafunzo yake ilikuwa ndogo mno kati ya saa 680,000, kwa hiyo inagawanya maneno vibaya, "ni na omba" badala ya "ninaomba". Na kimya kirefu kinaitia wazimu. Inatunga sentensi ambazo hakuna aliyezisema, au inarudia moja mara kumi. Kata vituo virefu kabla hujaipa.

#34 Wakili Kivuli
Inatunga? Kwenye kiapo?

#35 Mzee wa Modeli
Ndiyo maana rekodi haifutwi mpaka waraka usainiwe. Kuna na MMS, modeli ya sauti ya Meta ya 2023, lugha zaidi ya 1,100, ila sehemu kubwa ya mafunzo yake ni usomaji wa Agano Jipya.

#36 Bi Nukta
Hukumu itatoka kama Waraka kwa Warumi.

#37 Fundi Waya Kkoo
Amina. Kuna jambo la tarakimu halijaguswa. "Elfu ishirini na tano" ni 25,000 au 20,005? Sisi dukani tunaelewa kwa kuangalia bidhaa, mashine haioni bidhaa. Kwa ankara sema "ishirini na tano elfu", na ukitaka ile nyingine andika kwa vidole. "Laki mbili na nusu" usiithubutu.

#38 Karani wa Posta
Fedha zote kwa vidole. Tarehe nazo.

#39 Siti ya Dirishani
Sasa kipi kinabaki cha kuongea?

#40 Mkoba wa Bando
Napendekeza jaribio la kumaliza ubishi wa #1. Soma ukurasa mmoja mara moja tu, maiki mbili zikiwa mezani, moja ya laptopu na moja ya USB, kila moja irekodi faili lake. Halafu zilishe Docs kwa zamu. Docs haipokei faili, kwa hiyo kwenye Windows fungua orodha ya vifaa vya kurekodia, washa Stereo Mix (inayorekodi sauti inayochezwa na kompyuta yenyewe) kama kadi yako inayo, ifanye ndiyo maiki ya kawaida, cheza faili. Mdomo ni uleule, mtandao ni uleule, kilichobadilika ni maiki peke yake.

#41 Kibodi Kavu
Nimefanya. Ya laptopu imekosea karibu kila mstari, ya USB imekosea hapa na pale. Mjadala umefungwa.

#42 Karani wa Posta
Nimefanya na mimi, ukurasa wa wasilisho. Zote mbili zimekula "ha" kwenye vitenzi vilevile. Kelele imepungua kwa USB, kukana kumepotea palepale.

#43 Mzee wa Modeli
Kibodi Kavu ulisoma nini?

#44 Kibodi Kavu
Habari ya mpira, gazetini.

#45 Bi Nukta
Mwenzio kasoma wasilisho la mahakama lenye "haku" na "hawata" kila mstari, wewe umesoma matokeo ya mechi. Someni kitu kimoja.

#46 Fundi Waya Kkoo
Na mseme pangaboi lilikuwa limewashwa au limezimwa, na Stereo Mix mliiweka asilimia ngapi. Ikiwa 100 kwenye kadi nyingi sauti inapasuka, na iliyopasuka inakula "h" kabla ya yote.

#47 Karani wa Posta
Pangaboi limezimwa. Stereo Mix 100. Naiweka 60 narudia kesho mchana, umeme ukiwepo.